Kiti Kisikushike

Kijana wa Kondele, wa Nyalenda, jina la Jaramogi Oginga Odinga unaliona kwenye barabara na hospitali hapa Kisumu. Lakini tabia yake je, unaijua?

Juni 1958, Kenyatta akiwa bado kifungoni, Jaramogi alisimama kwenye Baraza la Kutunga Sheria akasema viongozi wa kweli ni wale waliofungwa. Kelele zikamwandama, hakurudi nyuma. Angeweza kujipigia debe mwenyewe, hakufanya hivyo. Mwaka 1966, walipotofautiana na Kenyatta huyo huyo, aliacha umakamu wa rais. 1969 akawekwa kizuizini.

Sasa wewe ukipewa cheo, kwenye kikundi au chuoni, jiulize: nitamtetea ambaye hayupo? Na haki ikikanyagwa, kiti nitakiacha?