Mazungumzo ya Mwalimu: Chui Ndani ya Kompyuta



Juma lililopita niliwaahidi kwamba leo tungeendelea na habari ya kutunza vitabu vya shule wakati wa mvua. Nawaomba radhi, habari hiyo itangoja kidogo. Limetokea jambo darasani lililonisumbua siku tatu, na nisipolieleza sasa nitalisahau.

Tumepewa kompyuta moja ya zamani ya kampuni ya Apple ya Marekani. Ilitoka Ulaya katika sanduku moja na nguo na madaftari, na pamoja nayo diski yake, ambayo juu yake limeandikwa jina Mac OS X Leopard. Mwanafunzi mmoja mwenye ulimi mwepesi akaishika diski, akasoma, akaniuliza: “Mwalimu, chui anafanya nini humu ndani?” Wenzake wakacheka sana. Nami nikacheka, lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba sijamjibu.

Basi, kwanza nieleze kitu chenyewe. Kompyuta, ambayo wengi wetu huku Kongo twaiita ordinateri, bila programu ni chuma na plastiki tu. Ndani yake hakuna budi iwepo programu moja kubwa inayozitangulia nyingine zote. Ndiyo inayoiamsha mashine asubuhi, inayogawa kazi, inayotunza kumbukumbu na kuzifungulia mlango programu ndogo ndogo. Wataalamu huiita mfumo endeshi. Ni kama mkuu wa shule asiyefundisha somo hata moja, lakini asipokuwapo kengele hailii, na chaki haionekani.

Kila baada ya muda watengenezaji huutoa mfumo huo upya, umerekebishwa, na hapo hauna budi kupewa namba ili watu wasiuchanganye na ule wa zamani. Lakini namba haipendezi masikioni. Kwa hiyo mafundi wa Apple, wakiwa kazini, walizoea kuipa kila toleo jina la siri la mnyama wa jamii ya paka wakubwa. Toleo la kwanza, la mwezi Machi 2001, waliliita Cheetah, ndiye duma. La pili, la mwaka ule ule, Puma. La tatu, Jaguar, lilitoka mwaka 2002, na hapo ndipo jina la siri likatolewa nje na kuandikwa mpaka kwenye maboksi ya dukani. Wakafuata Panther mwaka 2003, Tiger mwaka 2005, Leopard mwaka 2007, Snow Leopard mwaka 2009, Lion mwaka 2011 na Mountain Lion mwaka 2012. Jumla ni tisa.

Yule Duma wa kwanza, niwaambie kwa siri, alilalamikiwa kwa uvivu wake. Duma wa porini hashindwi mbio na mnyama yeyote wa nchi kavu. Duma wa kompyuta alikwenda kama kobe, na watu waliomnunua wakapewa Puma bure. Naye Tiger alishtakiwa. Duka moja kubwa la Marekani liitwalo TigerDirect lilikwenda mahakamani mwaka 2005 likisema kwamba limeibiwa jina, lakini hakimu alikataa kuizuia Apple isiuze. Nilifurahi kidogo kusoma kwamba Wazungu nao hugombana mbele ya hakimu kwa sababu ya jina la mnyama asiyekuwepo nchini mwao.

Jambo jingine lilinifurahisha zaidi. Nilijaribu kuwafasiria wanafunzi majina yale tisa kwa Kiswahili, nikakwama. Panther ni chui. Leopard ni chui. Snow Leopard ni chui wa theluji, anayeishi milimani huko Asia. Tiger naye tunamwita chui milia. Katika majina tisa, manne kwetu ni chui! Tena Puma na Mountain Lion ni mnyama mmoja tu wa bara la Amerika mwenye majina mawili, maana yake kampuni ile ilimtumia mnyama mmoja mara mbili bila kuona haya. Mwaka 2013 paka wakawaishia. Mkubwa mmoja wa kampuni alitania mbele ya mkutano kwamba toleo jipya lingeitwa simba wa bahari. Kisha akasema kweli, kwamba tangu hapo watatumia majina ya mahali pa kwao California.

Hapo ningeliweza kumaliza. Lakini mzee mmoja katekista, aliyekuwa amekaa barazani akitusikiliza, alipomsikia mtoto akipaza sauti “Simba! Simba!” kwa ajili ya kompyuta, aliinua kichwa akauliza: “Nani amewapa watoto jina hilo tena?” Akanyamaza. Wanafunzi hawakuelewa. Mimi nilielewa, maana nimezaliwa Fizi, na wazazi wangu wamezaliwa Fizi.

Msomaji wa Tanganyika ya zamani, ng'ambo ya ziwa letu, akisikia Simba atakumbuka mpira: ile timu ya Dar es Salaam iliyoitwa Sunderland mpaka ikabadilishwa jina mwaka 1971. Msomaji wa Kinshasa atakumbuka kwamba timu yetu ya taifa iliitwa Chui wakati wa Mobutu, ambaye mwenyewe alivaa kofia ya ngozi ya chui; kwamba mwaka 1997, alipoingia Laurent Kabila, wachezaji waliitwa Simba; na kwamba mwaka 2006 wakarudia kuwa Chui. Mwaka ule ule Katiba mpya iliweka kichwa cha chui katika nembo ya Jamhuri. Wachezaji, nadhani, miguu yao ilibaki ile ile.

Lakini katika Fizi na Baraka jina Simba ni la mwaka 1964.

Uhuru ulikuwa umefika mwaka 1960 na ahadi zake hazikufika. Lumumba aliuawa Januari 1961. Watu walikuwa na njaa na hasira, na hasira hiyo haikuwa ya uongo wote. Yafaa tuseme hivyo, maana kuna wanaoisimulia habari ile kana kwamba vijana wa milima yetu waliamka siku moja wamekuwa wanyama. Katika mwezi wa Mei 1964 waasi wa Gaston Soumialot waliteka Uvira, na upesi wakaishika nchi yetu pia. Kijana aliyejiunga alipelekwa kwa mganga. Alichanjwa, akapakwa dawa, akanyunyiziwa maji, akapewa miiko: asiguswe na mwanamke, asitazame nyuma vitani. Kisha akaambiwa: Sasa wewe ni Simba, risasi itakuwa maji. Akifa, wenzake walisema amevunja mwiko. Kwa namna hiyo dawa haikukosea kamwe.

Ninyi mliosoma katekisimu mtaona kwa urahisi hapo kuna nini. Kuna maji, kuna alama mwilini, kuna maagizo, kuna jina jipya. Ni ubatizo, lakini uliopinduliwa chini juu. Katika ubatizo wetu mtoto wa mtu hupewa jina la mtakatifu, yaani la mtu aliyeishi na kufa, tena mara nyingi jina la mtu aliyekubali kuuawa kuliko kuua. Kule jina lilitolewa porini, na kazi yake ilikuwa kumsahaulisha kijana kwamba ana mama.

Tarehe 28 Novemba 1964 waasi hao walifika misioni ya Baraka kwa gari. Mbele ya kanisa walimpiga risasi Bruda Vittorio Faccin, Mwitalia, wa shirika la Wamisionari Waksaveri, mwenye umri wa miaka 30. Padri Luigi Carrara, miaka 31, alikuwa kanisani akiungamisha. Alitoka, akapiga magoti karibu na maiti ya mwenzake, naye akauawa hapo hapo. Mji ambao jina lake ni Baraka! Jioni ile wakapanda Fizi. Padri Giovanni Didonè, miaka 34, aliwafungulia mlango, akapigwa risasi mlangoni. Pamoja naye akauawa Abé Albert Joubert, padri wa nchi hii, mzaliwa wa Mrumbi upande wa Moba, mwana wa baba Mfaransa na mama Mwafrika, mwenye umri wa miaka 56. Siku tatu baadaye, mbali huko Isiro, akafa Mwenye heri Anuarite kwa mikono ya waasi wa jina lile lile.

Wale wanne nao sasa ni wenye heri. Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza huko Uvira kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko.

Kuna habari moja zaidi ya majina, na hii hata wanafunzi wangu wakubwa hawakuijua. Katika Aprili 1965 wageni walivuka ziwa kwa mashua, wakashuka Kibamba, katika Fizi hii yetu, kuja kuwasaidia wale Simba. Walikuwa Wakuba. Ili wasijulikane, walijipa majina ya Kiswahili, nao hawakuchukua majina ya wanyama. Walijipa namba. Mkubwa wa kwanza aliitwa Moja, wa pili Mbili, na yule aliyekuwa mkubwa wa wote kwa kweli akajificha nyuma yao kwa jina Tatu. Huyo Tatu alikuwa Che Guevara. Alikaa milimani mpaka Novemba 1965, akavuka ziwa usiku akiwa ameshindwa, mji wa Baraka ukiwa umekwisha kutekwa na askari wa kukodiwa wa serikali. Ndiyo kusema: wenyeji walijiita wanyama, wageni wakajiita namba. Waliokaa kule misioni ndio pekee niliowakuta katika habari hii wakitumia majina waliyobatizwa.

Najua mtu atanijibu: Mwalimu, mashine ni mashine, Mmarekani aliyeandika Lion juu ya boksi hakuwahi kusikia habari ya Fizi. Ni kweli, wala simlaumu. Hata Maandiko Matakatifu humfananisha Mkombozi na simba, na mahali pengine humfananisha Shetani na simba huyo huyo, na hakuna mnyama aliyelalamika. Chui wa kwenye diski hana damu. Lakini bado wapo watoto wa umri wa wanafunzi wangu wanaoitwa kwenda porini, katika milima hii hii, kwa dawa na kwa maji, nao wakifika huko jambo la kwanza wanalopewa ni jina jipya. Wazazi wao hubaki nyumbani na cheti cha ubatizo ndani ya sanduku.

Nilimjibu basi yule mwanafunzi juzi, mbele ya wenzake, nikimweleza haya yote kama nilivyowaeleza ninyi, tangu duma mvivu mpaka mlango wa misioni ya Fizi. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza kama wale mapadri walikuwa na majina mengine zaidi ya yale ya ubatizo. Nikamwambia sijui, lakini mzee katekista aliyeko barazani huenda anajua, aende akamwulize kwa adabu. Alikwenda, na sehemu ya darasa ikamfuata, nami nikawaacha wakae naye mpaka kengele.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye vitabu na mvua.