NYUMBA ZETU: Umeme wa Jikoni na Amana ya Mkaguzi

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Imepokewa katika Hadithi sahihi ya kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume (S.A.W.) alipopashwa habari aliwaonya watu kuwa moto ni adui yao, akawaamrisha wauzime walalapo. Na katika Hadithi nyingine alimtaja panya, kwamba huenda akaukokota utambi wa taa akawaunguzia watu nyumba yao. Leo tambi zimeondoka katika nyumba nyingi, lakini panya hakuondoka. Hutafuna ganda la waya nyuma ya friji, na hatari ni ile ile.

Mwezi huu tumeona yafaa kusema juu ya ukaguzi wa vyombo vya umeme vya jikoni, kwani wengi wetu huvihukumu kwa kipimo kisichokuwa kipimo. Husema, "Birika hili lachemsha maji, basi ni zima." Wala si hivyo. Katika plagi ya pini tatu, ile pini ndefu ni ya waya wa ardhi. Waya huu haupashi maji moto. Kazi yake ni kuupeleka umeme ardhini pindi uvujapo na kugusa bati la chombo, ili fyuzi ikatike. Basi waya huo ukikatika, birika huendelea kuchemsha kama desturi yake, na mwenye nyumba hana habari mpaka siku ya kuvuja umeme, naye mama amelishika kwa mkono uliolowa.

Kwa sababu hii mkaguzi mwaminifu hatosheki na kuwasha na kuzima. Huchomoa chombo kwanza, akatazama waya kama una ufa, au umeungwa kwa utepe, au plagi imebabuka kwa joto. Huifungua plagi kuona waya wa rangi ya kijani na manjano umefungwa mahali pake. Kisha hupima kwa chombo chake kama waya huo wafika kweli ardhini. Chombo chenye alama ya mraba ndani ya mraba hakihitaji waya wa ardhi. Lakini chombo cha bati kisicho na alama hiyo, kikawa na plagi ya pini mbili, hakifai.

Tena hutazama mzigo. Birika la wati 2200 na jiko la wati 2000 vikiwashwa pamoja juu ya waya mmoja wa kuongezea, kwa volti 230, huvuta zaidi ya ampea 18, hali plagi yake ni ya ampea 13. Na anayeondoa fyuzi akaweka kipande cha waya amemfukuza mlinzi akamfungulia mwizi mlango.

Ewe ndugu yetu mkaguzi, sahihi yako ni ushahidi. Ukiitia bila ya kupima, umeshuhudia usiyoyajua, na watakaodhurika ni watoto waliolala wakikutumaini. Nawe mwenye nyumba, usimfiche waya mbovu wala usimpe kitu ili afumbe macho. Omba kuonyeshwa leseni yake. Tanzania Bara hutolewa na EWURA, na Kenya hutolewa na EPRA. Kuomba si utovu wa adabu.

Na sisi waume yatupasa jambo moja zaidi. Mwenye kukijua chombo ni mwenye kukitumia. Mke au mtumishi akisema jiko lamtekenya vidole, hilo si neno la kuchekwa wala la kuambiwa subira. Ni habari ya chombo kilichokwisha kuvuja. Kichomolewe saa ile ile, kisirudishwe mpaka fundi akipime. Gharama ya waya ni ndogo, na roho hainunuliwi.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo, Amin.