Karata, Dau na Ushuhuda wa Mkristo



Wapendwa waamini, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na walei wote wa pwani yetu,

Msimu wa ufuta ukifika, na baadaye msimu wa korosho, fedha huingia vijijini kwa mkupuo. Mkulima aliyepeleka mazao yake ghalani kupitia chama cha ushirika husubiri mnada, kisha hulipwa kwa mara moja jasho la miezi mingi. Siku hizo hizo mikeka hutandikwa chini ya miembe, na karata hutolewa mifukoni. Zamani mchezo ulikuwa wa kupitishia jioni: aliyefungwa alichekwa, akampisha mwingine. Siku hizi yapo mashindano yenye kiingilio, kitita cha mshindi na fungu la mwandaaji. Vijana wengine wameanza kuiga hata ule mchezo wa poka wanaouona kwenye simu.

Tusingeliandika juu ya jambo hili kama lingekuwa la watu wa mbali. Baadhi ya wanaoketi katika mikeka hiyo ni watu wetu. Mmoja wao, kiongozi wa jumuiya, aliulizwa na wenzake kwa nini huonekana huko. Alijibu kwa unyofu: “Watu wale hawaji kanisani. Ninawapata pale mkekani. Tukicheza tunazungumza, na wengi wamenisikia nikimtaja Kristo.” Hoja hii si ya mzaha. Hata Marekani wapo Wakristo wanaocheza mashindano ya poka na kusema wazi kwamba meza ile ni uwanja wao wa kushuhudia imani. Kwa hiyo hatuna budi kuipima kwa haki.

Mchezo wenyewe si dhambi

Tuanze kwa kusema lililo kweli, ili tusimtwike mtu mzigo ambao Kanisa halikumtwika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha katika namba 2413 kwamba michezo ya bahati na ya kuwekeana dau haipingani na haki kwa asili yake. Hugeuka kuwa ovu inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea. Katekisimu inaonya pia kwamba uchu wa kamari waweza kumfanya mtu mtumwa.

Basi baba anayecheza karata na jirani zake bila fedha, baada ya kutwa nzima shambani au baharini, asisumbuliwe na mtu. Bao na karata ni sehemu ya maisha ya baraza zetu, na barazani watu hujuliana hali na hupatanishwa. Neno letu linahusu dau.

Hesabu ya mkeka

Tuchukue mfano. Watu kumi wanatoa shilingi 5,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 50,000. Mwandaaji anachukua 5,000, na 45,000 zinagawanywa kwa washindi watatu. Watu saba wanakwenda nyumbani mikono mitupu. Mkeka ule haukuotesha hata punje moja ya ufuta wala haukuvua hata pweza mmoja. Kila shilingi aliyoichukua mshindi imetoka katika mfuko wa mtu aliyeketi mbele yake.

Mashindano makubwa nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 2003, huko Las Vegas, washindani 839 waliingia katika shindano kuu la poka, ambalo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000. Mshindi alipata dola milioni 2.5, na jina lake likaenea duniani. Zaidi ya watu mia saba walitoka bila kupata kitu, na hao hakuna aliyewatangaza. Kijana wetu anaonyeshwa yule mmoja tu.

Wavuvi wa Kivinje na Songo Songo wanalifahamu dau la namna nyingine. Dau lao huondoka na upepo, nalo hurudi na kitoweo cha nyumba nyingi. Hilo la mkekani likirudi na kitoweo, ujue kimetoka katika chungu cha jirani.

Meza aliyoketi Bwana

Ndugu yetu aliyesema kwamba huwapata watu mkekani anaweza kutukumbusha kwamba Mtume Paulo alijifanya mambo yote kwa watu wote ili apate kuwaokoa (1 Kor 9:19-23). Anaweza kuongeza kwamba Bwana wetu mwenyewe alikula pamoja na watoza ushuru. Ni kweli. Lakini tutazame vema alifanya nini. Nyumbani kwa Zakayo (Lk 19:1-10) Yesu aliketi katika meza ya chakula. Hakuketi katika meza ya ushuru. Hakusema kwamba atatoza naye kidogo ili wazoeane. Na dalili ya kwamba wokovu umefika katika nyumba ile ilikuwa kwamba fedha zilianza kurudi kwa wenyewe, tena mara nne.

Paulo naye, muda mfupi baada ya maneno yale, anawaonya Wakorintho kwamba si yote yanayoruhusiwa yanayojenga, na kwamba kila mtu atafute faida ya mwenzake (1 Kor 10:23-24). Hapo ndipo penye kiini cha neno letu. Anayemhubiri mtu humtakia mema. Anayecheza naye kwa fedha hungoja akosee. Mtu mmoja hawezi kuyafanya yote mawili kwa moyo mmoja, katika usiku mmoja. Tukimweleza mwenzetu juu ya upendo wa Mungu, kisha tukaondoka na ada ya shule ya mtoto wake, atakumbuka lipi?

Kumbukumbu ya Kilwa

Sisi wa pwani hii tuna sababu ya pekee ya kujiuliza swali hilo. Majina ya karata zetu, yaani shupaza, kopa, uru na pau, yametoka katika lugha ya Wareno. Wareno hao walifika Kilwa Kisiwani na merikebu za Francisco de Almeida mwezi Julai 1505, wakauteka mji. Habari zilizoandikwa na waliokuwamo katika safari ile zasema kwamba mapadre Wafransisko walishuka wakiwa na misalaba, wakiimba utenzi wa kumshukuru Mungu. Baada ya sala askari walianza kuupora mji. Waliondoka mwaka 1512, na imani haikuota mizizi pale.

Hatusemi kwamba mcheza karata ni sawa na askari wale. Twasema tu kwamba watu wa Kilwa waliuona msalaba siku ile ile walipopokonywa mali yao. Injili yenyewe yatuonyesha askari wakipigia kura vazi la Bwana chini ya msalaba wake (Yn 19:23-24). Msalaba na kugawana mali ya mwenzako vimewahi kukaribiana sana. Tusivikaribishe tena.

Majirani zetu

Wengi wa majirani zetu ni Waislamu. Qurani, katika sura ya tano, aya ya 90 na 91, inaitaja kamari pamoja na ulevi kuwa ni kazi ya shetani, atumiaye vitu hivyo kuleta uadui kati ya watu. Wapo Waislamu wanaocheza, kama walivyo Wakristo wanaocheza. Lakini mzee wa Kivinje anayemwona kiongozi wa Kanisa akihesabu fedha za kamari mbele ya mjukuu wake hatauliza tunasali vipi. Atakuwa amekwisha kutuhukumu, na tutashindwa kumlaumu. Katika jambo hili wao na sisi twaweza kusimama pamoja kuwalinda watoto wetu. Tusiipoteze nafasi hiyo.

Haki idai kwa wote

Haitakuwa haki kumlaumu kijana peke yake. Kijana asiye na kazi wala mtaji huliona dau kuwa mlango pekee ulio wazi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kusimamia michezo hiyo, inataka wenye kuiendesha wawe na leseni, na inawakataza wenye umri chini ya miaka 18 kushiriki. Serikali hupata kodi kutoka humo. Twaomba basi kwamba macho yanayoiona kodi yamwone pia mtoto anayebeti kwa simu ya kaka yake, na mashine iliyowekwa karibu na shule.

Tena tusisahau boriti iliyo katika jicho letu. Parokia ngapi zimeuza tiketi za bahati nasibu ili kuezeka kanisa? Tukimwambia kijana asitafute mali kwa bahati, huku sisi tukimwuzia bahati mlangoni mwa kanisa, atatusikiaje? Ni afadhali tujenge polepole kwa zaka na nguvu zetu.

Tufanye nini?

Hatumwambii ndugu yetu auhame mkeka. Twamwambia abaki, aketi, acheke, afungwe karata. Ila aliondoe dau. Akiulizwa kwa nini hachezi kwa fedha, hapo atakuwa amefunguliwa mlango wa kushuhudia kuliko mlango wowote aliowahi kuupata. Viongozi wa walei wawe wa kwanza kujitoa katika mashindano yenye kiingilio. Jumuiya zianzishe mfuko wa kuweka na kukopa, hasa wakati wa malipo ya mazao, ili fedha ipate mahali pa kukaa kabla haijafika mkekani. Na aliyekwisha kunaswa asiaibishwe. Atembelewe, na mkewe na watoto wasiachwe peke yao. Wahenga walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Sisi tulioitwa kumega mkate tusikubali kumla jirani.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika mtaa wetu ni familia gani zinazoumia kwa sababu ya kamari, nasi tumezitembelea?
2. Mlei anayetaka kuwa karibu na wasiosali afanye nini ili urafiki wake usimgharimu jirani?
3. Parokia yetu inapata fedha zake kwa njia zipi? Je, zote twaweza kuzieleza mbele ya watoto wetu?
4. Ni jambo gani moja twaweza kulifanya pamoja na majirani zetu Waislamu kabla ya msimu ujao wa mazao?