Tamko Kuhusu Vitabu vya Wazee Wetu

Sisi tunaoendesha kwa kujitolea maktaba ya Kichina mtaani Chinatown, Boston, tunatoa tamko hili kwa familia zote za mtaa, hasa zinazohamisha vyombo vya wazee wao.

Wiki hii tena tumeokota boksi la vitabu kando ya pipa la taka. Mlikuwa na riwaya zilizochapwa Hong Kong, kamusi iliyong'oka jalada, na daftari la mtu aliyekuwa akijifunza Kiingereza, kila neno likiwa na matamshi yake pembeni kwa Kichina. Aliyevitupa hakuwa na nia mbaya. Hakuweza kuvisoma.

Mwaka 1956 Serikali ya China ilianza kurahisisha maandishi. Neno "kitabu", ambalo wazee wengi wa hapa huliandika kwa mistari 10, mjukuu hufundishwa darasani kuliandika kwa mistari 4. Wanaishi nyumba moja, wanakula meza moja, lakini ukurasa mmoja unawashinda.

Mwaka huohuo, tawi la maktaba ya umma la mtaa wetu lilibomolewa kupisha barabara kuu. Chinatown ilikaa bila tawi hadi Februari 2018. Katika miaka hiyo ya kiu, mwishoni mwa 2009, watu wa kujitolea walifungua maktaba katika duka lililokuwa tupu, Washington Street, wakaiendesha kwa takriban miezi mitatu. Vitabu vilivyorudi mtaani kwa jasho namna hiyo havistahili kuishia jalalani.

Kwa hiyo tunatamka kwamba hatutakataa kitabu chochote cha Kichina kitakacholetwa mlangoni petu, hata kama kimeliwa na mende. Wala hatutaondoa rafuni vitabu vya maandishi ya zamani kwa sababu tu haviazimwi.

Tunawaomba pia wazee wanaosoma maandishi hayo waje Jumamosi wakae na watoto. Jumamosi iliyopita bibi mmoja aliandika neno hilo, "kitabu", polepole, mtoto akihesabu mistari kwa sauti. Alipofika 10 akaomba kalamu.

Kabla hamjatupa, tuiteni. Msihangaike kubeba, tutakuja na mkokoteni, na ngazi tutazipanda wenyewe.

Imetolewa kwa niaba ya wanachama wote.