Nani Aliusoma Mkataba Kabla ya Kutiwa Saini?



Ndugu msomaji, mzazi na mwanafunzi mpenzi, kila mwanzo wa mwaka sisi walimu hukutana na jambo lile lile. Kitabu ni kimoja, wanafunzi ni arobaini. Mwalimu hukichukua mpaka duka la fotokopi hapa Mazwi, na jioni watoto hugawiwa kurasa zilizobanwa kwa stepla. Ni wachache wetu tunaojiuliza kama kurasa zile zina mwenyewe.

Zinaye. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Wala tusijidanganye kwamba hayo ni mambo ya wazungu tu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Kuwait Desemba 1988 na kupitisha kuwa haki ya mtunzi juu ya kazi yake inalindwa na sharia na haifai kuidhulumu. Basi makala hii haitetei wizi wa jasho la mtu. Nalisema hilo mapema, kwa sababu anayehoji mikataba ya hakimiliki huambiwa upesi kuwa yuko upande wa wezi.

Swali langu ni hili: masharti ya hakimiliki hutungwa na nani, na wapi? Kwa sehemu kubwa hutoka katika mikataba ya kimataifa. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na mwaka 1995 ikawa mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani. Nchi maskini zaidi, nasi tumo, zimeongezewa muda mpaka tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya masharti ya Shirika hilo juu ya haki za ubunifu. Siku moja muda huo utakwisha. Maneno yanayoandikwa Geneva ndiyo yatakayoamua mwalimu wa Sumbawanga anakili kurasa ngapi kwa ajili ya darasa lake bila kuvunja sheria.

Wanafunzi wetu wanaijua aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo inazungumzia deni. Deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, wawepo mashahidi. Lakini liko jambo moja ambalo huwa tunalipita haraka. Anayetoa imla, yaani anayemtamkia mwandishi maneno ya kuandika, ni yule mwenye deni, yule atakayefungwa na maandishi hayo. Akiwa hawezi, walii wake atoe imla kwa uadilifu. Naomba tuitazame mikataba ya mataifa kwa jicho hilo.

Tuanze na ule ulioitwa ACTA, wa kupambana na bidhaa bandia na uvunjaji wa hakimiliki. Marekani, Japani, Umoja wa Ulaya na nchi nyingine chache walianza kuujadili rasmi mwaka 2008, milango ikiwa imefungwa. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyokuwamo. Kutoka Afrika nzima ilikuwapo Moroko peke yake. Mwaka 2009 taasisi moja ya Marekani iliomba kuona rasimu, ikajibiwa kuwa ni siri kwa ajili ya usalama wa taifa. Siri ya usalama, katika mkataba unaogusa vitabu na nyimbo! Rasimu ilitolewa hadharani Aprili 2010, baada ya kuvuja na baada ya wabunge wa Ulaya kudai waione. Watu wakaisoma, wakaandamana, na tarehe 4 Julai 2012 Bunge la Ulaya likaukataa mkataba kwa kura 478 dhidi ya 39.

Sasa tazama mwaka uliofuata. Moroko hiyo hiyo ilikuwa mwenyeji wa mkutano uliopitisha Mkataba wa Marrakesh, Juni 2013. Huo unaruhusu kitabu kugeuzwa kuwa cha nukta nundu, cha kusikiliza au cha maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona bila kumwomba mtunzi ruhusa, na nakala hizo kuvuka mipaka. Rasimu zake zilisomwa na yeyote aliyetaka, na wasioona wenyewe waliudai kwa miaka kadhaa mpaka ukapatikana. Wenye shida walitoa imla. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018, na Tanzania mwaka 2020.

Na sisi je, huku kwetu? Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Ni kinga nzuri, ila mara nyingi huja baada ya saini, na hapo Bunge hubakiwa na kukubali au kukataa. Mwaka 2016 mambo yalikwenda vingine. Mkataba wa biashara kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, EPA, Kenya na Rwanda waliusaini Septemba. Tanzania ilisita, na Novemba Bunge la Dodoma likaujadili na kushauri usisainiwe. Hoja kubwa zilikuwa viwanda na mapato ya forodha. Ni wachache waliotaja kifungu cha 3, kinachoahidi mazungumzo mengine baadaye, na mojawapo ya mada zake ni haki za ubunifu, ambamo hakimiliki imo. Yaani ungesaini leo kukubali kujadili jambo ambalo maneno yake bado hayajaandikwa.

Kenya ilikwenda mbele peke yake, na mkataba wake na Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Umeacha mlango wazi kwa nchi nyingine za Jumuiya kuingia, nasi tukiwamo. Maandishi yake yote yamechapishwa, kila mtu anaweza kuyapata.

Vijana wetu wa darasa la juu, wanaosoma sekondari asubuhi, nimewapa kile kifungu cha 3 wakitafsiri kwa Kiswahili ili wazazi wao wakisome. Kimekuwa kigumu kuliko nilivyodhani. Mpaka jarida hili linakwenda kuchapwa, wamefika nusu.

Wabillahi tawfiiq.