425 Si Kiingereza

Nimechoka na vichekesho vya Kiingereza cha Wachina. Mnavijua. Mse anabana sauti puani, anaiga msimamizi fulani wa mjengo, anarusha vitenzi bila wakati na nomino bila wingi, na meza nzima inakufa kwa kicheko. Wanaocheka ni watu waliovishwa diski shingoni shuleni kwa kuongea Kikamba, au Kiswahili siku isiyokuwa ya Kiswahili. Yaani Kiingereza chao wenyewe walikipata kwa kiboko, na bado wanaona raha kumcheka mwenzao aliyekipata kwa njia isiyo tofauti sana.

Hakuna anayeuliza yule msimamizi alifundishwaje, wala ni nani alimpima. Mimi nimekaa naye darasani. Nilisomea uhandisi wa ujenzi katika chuo kimoja cha bara huko China, masomo yote kwa Kichina, mimi na Wachina thelathini na kitu. Ninachowaambia ni hiki: yule mtu hajakosa kupimwa Kiingereza. Amepimwa kuliko mimi na wewe. Amepimwa mpaka kikamkauka mdomoni.

Anza na gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Mahali pengi alama zote ni 750, na lugha ya kigeni, ambayo kwa wengi ni Kiingereza, ina 150, sawa na hesabu, sawa na Kichina chenyewe. Kijana akivuka hapo anadhani amemalizana nacho. Wapi! Chuoni anakuta Mtihani wa Kiingereza wa Vyuo Vikuu, unaojulikana kwa herufi CET. Una ngazi mbili: CET-4, ulioanza 1987, na CET-6, uliofuata miaka miwili baadaye. Wanafunzi hawasumbuki na hizo herufi. Wao husema siji, ngazi ya nne, na liuji, ngazi ya sita, kwa ile sauti tuliyotumia sisi kutaja karatasi ya pili ya hesabu. Unafanywa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na mamilioni ya watu wasiosomea Kiingereza kabisa: wa kilimo, wa uhasibu, wa tiba, wa saruji na nondo kama sisi.

Siku yenyewe ni kitu cha kuonwa. CET-4 asubuhi, CET-6 alasiri. Kusikiliza ni asilimia 35 ya alama, na katika vyuo vingi sauti hurushwa kwa redio ya FM ya chuo. Kwa hivyo kila mtu anakuja na hedifoni yenye redio ndani, anatafuta masafa, anaomba betri isimwache. Wiki hiyo duka la chuo linauza hedifoni kama mahindi choma. Betri ikifa wakati mwanamume na mwanamke fulani wanajadili saa za kufungua maktaba, umebaki kupaka majibu kwa kubahatisha. Sasa hapo tunapima Kiingereza au tunapima betri?

Baada ya hapo kuna kusoma, asilimia 35, insha 15, tafsiri 15. Tafsiri ndiyo sehemu ninayoipenda, sitaficha. Unapewa aya ya Kichina kuhusu jambo la kwao, labda chai, labda Mto Yangtze, uiseme kwa Kiingereza. Ni swali zuri. Linamtaka kijana amweleze mgeni mambo ya nyumbani. Lakini limepewa nusu saa mwishoni, wakati kichwa kimeshachemka, na jioni yake mitandao ya China inajaa wanafunzi wakichekana kwa tafsiri za ajabu walizoandika.

Na kuongea? Kuongea hakumo. Mtihani wa kuongea upo, ulianza 1999, lakini uko kando, ni wa hiari, unajiandikisha peke yake. Unaweza kumaliza chuo na alama tamu za Kiingereza bila mtu yeyote kuwahi kusikia sauti yako ukikisema. Wachina wana jina la hali hiyo: Kiingereza cha bubu. Si mimi niliyelitunga. Wamelisema wenyewe miaka na mikaka.

Tufike sasa kwa ile namba. Alama ya juu kabisa ni 710. Tangu mageuzi ya 2005 mtihani huu hautangazi kufaulu wala kufeli. Unatoa karatasi ya alama, basi. Tena hizo alama hazisemi unajua Kiingereza kiasi gani. Zinasema umesimama wapi ukilinganishwa na kundi la wanafunzi waliotumiwa kuweka kipimo, kutoka vyuo 16 kwa CET-4 na vyuo 5 kwa CET-6. Ni foleni, na namba yako ni nafasi yako kwenye foleni. 425 ni alama ya kukuruhusu kuendelea na CET-6, hakuna zaidi. Lakini muulize mwanafunzi, muulize mwajiri, muulize mama yeyote kijijini: 425 umepita, 424 umeanguka. Waandalizi walifuta mstari, nchi nzima ikauchora tena kwa mkaa.

Na mstari huo una meno. Kuna vyuo vilivyoufunga kwenye shahada. Mwanafunzi wa China anamaliza na vyeti viwili, kimoja cha kuhitimu masomo na kingine cha shahada yenyewe, na chuo kinaweza kukukabidhi cha kwanza kikakaa na cha pili. Kuna matangazo ya kazi yanayodai 425 kwa kazi ambayo hutasema neno moja la Kiingereza mpaka ustaafu. Huko Shanghai alama hizi zimewahi kuhesabiwa hata mhitimu wa mkoa mwingine anapoomba ukaazi rasmi wa mji, ule ukaazi unaogusa mpaka mtoto wako atasoma wapi. Na mtihani ni wa walio chuoni pekee. Ukitoka na 421, umetoka nayo.

421 ni ya mwenzangu wa maabara. Anatoka Guizhou, milimani. Kabla ya hiyo alipata 409, kisha 417, na chuo chetu kilikuwa kati ya vile vilivyofunga shahada. Mimi wakati huo nilikuwa na cheti cha HSK, ngazi ya nne, mtihani wa Kichina wa wageni. Cheti safi, kina mhuri. Lakini somo la mekanika ya udongo lilikuwa likinipita kama matatu iliyojaa. Huyu jamaa ndiye aliyenifundisha. Jumatano usiku, miaka miwili, kwa Kiingereza.

Hakikuwa Kiingereza cha watangazaji. Alisema udongo una kiu. Alisema udongo wa mfinyanzi unakumbuka mzigo mzito uliowahi kuubeba, hata mzigo ukishaondoka, na ndiyo maana ukiupa mzigo mdogo hautikisiki sana. Nimesoma vitabu kadhaa tangu hapo na sijapata maelezo yaliyonikaa kichwani kama hayo. Nikikwama, alibadilisha neno. Nikikwama tena, alichora. Kisha ananiuliza nimweleze mimi, aone kama nimeshika au ninaitikia tu. Nilipita mtihani wa udongo, kwa Kichina, kwa sababu ya Kiingereza cha mtu ambaye kwenye karatasi hajui Kiingereza.

Alikosa shahada kwa alama nne. Yuko sawa, anafanya kazi, msianze kumhurumia. Lakini kampuni ya kwanza aliyoomba ilikuwa inatafuta wahandisi wa kutuma Afrika, na ilimkataa kwa hiyo 421. Ilitaka mtu atakayeweza kuelewana na Waafrika. Mwafrika aliyekuwa akielewana naye kila wiki alikuwa anaishi jengo la pili kutoka kwake, na hakuna aliyemuuliza.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Utaratibu wa CET unasema sauti za kusikiliza ziwe za lafudhi ya Uingereza au ya Marekani. Sawa, labda, kwa anayeenda London. Lakini hebu tuangalie Kiingereza cha Mchina kinafanyia kazi wapi. Kilifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi kabla ya reli kufunguliwa 2017. Kilifanya kazi kutoka Mlolongo hadi Westlands, kwenye ile barabara ya juu. Kinafanya kazi Addis Ababa, Lagos, Karachi. Kwenye mazungumzo hayo mara nyingi hakuna aliyezaliwa nacho, upande wowote. Fundi wa Machakos anasema chake, msimamizi wa Sichuan anasema chake, na nguzo inasimama wima. Huo ni ujuzi mkubwa: kurudia bila kukasirika, kuacha neno gumu ukachukua rahisi, kuhakikisha mwenzako amesikia mifuko mingapi kabla zege halijaganda. Katika hizo 710 hakuna hata alama moja iliyotengewa ujuzi huo. Mwenye nao na asiye nao wanapaka majibu yaleyale.

Najua jibu nitakalopewa, maana nilipewa na wahadhiri ninaowaheshimu. Wanasema bila mtihani wa kitaifa, mtoto wa Guizhou ataonyesha nini mbele ya mtoto wa Shanghai? CET unalipiwa makumi machache ya yuan. IELTS unakula zaidi ya yuan 2,000 kwa kikao kimoja, na baada ya miaka miwili matokeo yake yanahesabiwa yamechacha. Hoja hiyo ina uzito, siitupi. Mtihani wa umma, wa bei ya chini, unaofanana nchi nzima ni kitu cha maana, na sisemi ufutwe. Nasema uache kuwa bawabu. Anayetaka kujua amefika wapi aufanye, kama mtu anavyopanda mizani. Lakini tusidanganyane kuhusu usawa. Mtoto wa Shanghai ana walimu na tuisheni tangu shule ya msingi, na sauti za filamu nyumbani. Wa Guizhou, kwa maneno yake mwenyewe, alisikia Kiingereza cha mtu mwingine mbali na mwalimu wake mmoja alipofika chuoni, na mtu huyo nilikuwa mimi. Halafu mnawapa wote asilimia 35 za masikio.

Na kabla hatujawa wajuaji kuhusu Wachina, tukumbuke 2021. Kenya ilitia saini na Uingereza mkataba wa kupeleka wauguzi, na kabla ya mwaka kwisha waziri wetu wa afya, Mutahi Kagwe, akasema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 ndio waliofaulu. Watu walicheka hadi wakatoa machozi. Ati wauguzi wetu hawajui Kiingereza! Watu waliosoma kwa Kiingereza tangu darasani hadi wodini, walioandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila zamu. Sikuona wengi wakiuliza mtihani wenyewe ulikuwa unapima nini, au nani anakula ile ada. Tulikimbilia kuamini karatasi na kuwashuku watu. Ndivyo ile kampuni ilivyomfanyia mwenzangu, ila yeye hakutangazwa kwa habari za saa moja.

Lakini mambo yanaweza kubadilika, na yameanza. Septemba 2023 Chuo Kikuu cha Xi'an Jiaotong, kimoja cha vyuo vikubwa vya China, kilitangaza kwamba alama za CET-4, pamoja na mtihani wake wa ndani wa Kiingereza, hazitafungwa tena kwenye kuhitimu wala shahada. Mitandaoni wengi walishangilia. Wengine walinuna, wakaona nchi inaifungia dunia mlango. Siwaelewi hao. Kufungua mlango wa shahada si kufunga mlango wa lugha. Anayetaka CET bado anaweza kuufanya. Anayetaka Kiingereza bado yuko na maktaba, filamu, na wanafunzi wageni waliojaa hosteli ya pili wakitafuta mtu wa kuwaeleza udongo. Kilichoondolewa ni kisu kilichokuwa shingoni.

Vyuo ambavyo bado vinashikilia shahada za watu kwa ajili ya alama nne, vitoe. Vitoe na zile za waliokwisha kuondoka, kwa sababu hao hawana tena mahali pa kurudia mtihani. Na kampuni zinazotuma watu huku kwetu: mkitaka kujua kama mhandisi wenu ataelewana na watu wa Mlolongo, msisome karatasi. Mkalisheni nusu saa na mtu wa Mlolongo, kila mmoja na kalamu, wapange pamoja jinsi ya kuchimba mtaro wa maji ya mvua. Wanafunzi wa Kiafrika tumejaa Wuhan, Guangzhou na Beijing. Jumatano usiku wengi wetu tuna nafasi.