Kila Umri na Mchoro Wake

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona ni mchezo usio na faida: mtoto kuchora, kupaka rangi na kufinyanga.

Kila mama aliyempeleka mtoto kliniki anajua kwamba mtoto wa miezi minne hagombezwi kwa kuwa hajatembea. Kwanza atakaa, kisha atatambaa, ndipo atasimama. Lakini mtoto huyo huyo akifika darasa la awali na kumchora baba mwenye kichwa na miguu bila tumbo, tunamcheka, au tunamshika mkono na kumchorea "baba wa kweli". Mkono na jicho navyo hukua kwa hatua, na kila hatua ina chakula chake.

Mtoto wa miaka miwili hadi minne hukwaruza tu. Usimsumbue kwa kumwuliza, "Hiki ni nini?" Mara nyingi si kitu, anafurahi kuona mkono wake umeacha alama. Mpe kijiti na mchanga uani, au kipande cha mkaa na boksi kuukuu. Afadhali umtafutie mahali pake pa kukwaruza kuliko kumchapa kwa kuharibu daftari la kaka yake.

Mtoto wa darasa la awali hadi la pili huchora anachokijua kuliko anachokiona. Atachora nyumba, na watu waliomo ndani waonekane kana kwamba ukuta ni kioo. Atamchora mama mkubwa kuliko mti. Hayo si makosa ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mwambie, "Nisimulie picha yako," kisha sikiliza. Nanyi walimu, msichore ua ubaoni ili darasa zima linakili. Watoto 60 wakileta maua 60 yanayofanana, wameonyesha utii, lakini kuchora hawajajifunza.

Hatari iko kati ya miaka 9 na 12. Sasa mtoto analinganisha. Anaona kuku wake hafanani na kuku wa kweli. Anafuta, anafuta tena, mwisho anakunja karatasi. Watu wazima wengi wasemao "mimi sijui kuchora" waliishia hapo. Umri huu hautoshelezwi na sifa tupu, unataka kufundishwa. Toka naye nje, mtazame milima ya Matogoro. Mwonyeshe kwamba mlima wa mbali una rangi hafifu kuliko wa karibu, na mti wa mbali huonekana mdogo. Mpe pia kazi ya mikono: udongo wa mfinyanzi, ukili, na maganda ya mahindi, ambayo hapa Songea wakati wa mavuno hayauzwi. Bibi anayefinyanga vyungu ni mwalimu; mwalikeni shuleni.

Kwa kijana wa sekondari, shule zenye somo la sanaa ni chache, na mzazi huuliza, "Atakula nini?" Mfano uko mkoani kwetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akauza, akafundisha vijana wachache. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wenye jina lake unalisha familia hadi leo. Si kila kijana atakuwa Tingatinga; hata hivyo mshonaji na seremala nao hula kwa jicho lililofundishwa.

Walimu wa shule ya Jumapili nao wana nafasi. Katika miaka ya 1950 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, na watu wake ni Waafrika katika nchi yao. Basi kijana akimchora Mariamu amevaa khanga na ndoo kichwani, msimkataze.

Sasa neno la muuguzi. Msiwape watoto mabaki ya rangi ya nyumba, hasa ya mafuta. Baadhi zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo. Unga mweusi wa betri kuukuu nao ni sumu. Mkaa, udongo mwekundu, binzari na maji ya majani vinatosha. Tena, mtoto asiyeweza kueleza anapoumwa anaweza kuonyesha kwa mchoro. Mwulize kwa upole, kisha mpeleke apimwe. Ila mchoro usigeuzwe ramli.

Jumamosi hii, kabla hujawasha moto kwa karatasi za zamani, zitazame. Ule upande mweupe unamfaa mtoto. Mkalishe karibu nawe unapochambua mboga, achore, naye akusimulie.